Katika Kutangulia na Kutaakhari

Miongoni mwa masuala ambayo wanazuoni wa kale waliyapa nafasi kubwa, na ambayo watu wa zama zetu huyapita upesi kana kwamba yamekwisha kukatwa shauri, ni hili la tartibu: kitu kinapotangulia mbele ya kingine, je, utangulizi huo ni sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe, au ni cheo alichokipa mpangaji, ambaye lau angalipenda angalikitia nyuma? Laonekana suala dogo, tena la kuwafaa watu wasio na shughuli. Lakini nyuma yake limejificha suala zito zaidi, nalo ni la dhima, kwa kuwa kama tartibu imo katika vitu basi hapana wa kulaumiwa inapoleta madhara, na kama imetoka kwa mpangaji basi yuko mtu wa kuulizwa.

Mtu wa Amu, ambaye kabla hajabalighi amekwisha kusomeshwa fikihi kwa madhehebu ya Imamu Shafii, hukutana na suala hili kila siku akaapo ukingoni mwa birika la msikiti, lile lenye samaki wadogo waliotiwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu, akateka maji kuosha uso kabla ya mikono, na mikono kabla ya kupaka kichwa, na kichwa kabla ya miguu. Ameambiwa na mwalimu wake ya kuwa faradhi za udhu ni sita, na ya sita si kiungo wala si maji, bali ni tartibu yenyewe. Yaani ule mfuatano, ambao haushikiki wala hauna rangi, umehesabiwa pamoja na vitu vinavyoshikika, na aliyeosha viungo vyake vyote kwa maji safi na nia njema lakini akavipindua, mwisho mbele na mbele mwisho, huyo kwa Mashafii udhu wake haujatimia. Mahanafi na Wamaliki wameiona tartibu hiyo kuwa ni sunna. Hoja ya Mashafii, ambayo mimi huiona kuwa ni ya watu wenye jicho kali, ni kwamba Aya ya udhu katika Sura ya tano imekitaja kiungo cha kupakwa baina ya viungo vya kuoshwa, na haiwi katika lugha ya Waarabu kuvitenga vitu vya jinsi moja kwa kupenyeza kati yake kitu cha jinsi nyingine pasipo na faida iliyokusudiwa. Na faida hiyo, wasema, ni kuwajibisha mfuatano.

Lakini wenyewe hao walioshikilia tartibu kwa nguvu walijitokezea na masala ya kuwasumbua: asemweje mvuvi ajitosaye mkondoni, tuseme pale baina ya Shela na Manda, akiwa amenuia udhu, naye akalowa mwili mzima kwa mara moja? Imamu Rafii alimshurutizia akae chini ya maji muda unaotosha viungo kufuatana. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijria (1277), akasema katika kitabu chake Minhaji kwamba lililo sahihi zaidi ni kuwa udhu wake wasihi hata asipokaa. Na wenye kuifafanua Minhaji wakaeleza kuwa tartibu haikuondoka, bali yakadiriwa kupita katika nyakati laini mno zisizodirikiwa na hisia.

Masala hiyo ya mzamiaji hunijia moyoni kila nitazamapo jinsi kurasa za kompyuta zinavyotengenezwa siku hizi. Mfumo mmoja wa kusimamia maudhui unaotumika katika nchi nyingi, uitwao Drupal, ambao Mbelgiji Dries Buytaert aliutoa hadharani mwaka 2001, haukuundwa uwe kipande kimoja. Una kiini, juu ya kiini huongezwa moduli, kila moja na kazi yake, na aghalabu kila moja na mtungaji wake asiyewajua watungaji wenzake hata kwa majina, na juu ya moduli zote huvishwa pambo, ambalo ndilo linaloupa ukurasa sura ya mwisho, rangi zake na herufi zake na mahali pa kila kitu, kama plasta ya chokaa na zidaka zinavyoipa sura nyumba ya mawe ya Mkomani baada ya waashi kuteremka. Ili mikono hii isiyojuana ipate kufanya kazi pamoja, kiini kimetundika kulabu mahali maalumu katika safari ya ukurasa. Safari inapofika kwenye kulabu, mfumo hunadi, na kila moduli yenye neno juu ya jambo lile hulisema, moja baada ya moja, kila moja ikilipokea jambo kama lilivyoachwa na iliyotangulia. Yote hutimia kabla mtu hajapepesa jicho. Mtazamaji huona ukurasa umezuka mara moja, kama mzamiaji aonekanavyo kulowa mara moja. Lakini ndani ya mmweko ule pana aliyetangulia na pana aliyetaakhari, na hapa hatuna haja ya kukadiria, maana mashine yaweza kutuandikia mfuatano wenyewe tukiuomba.

Tuchukue mfano tupate kuona madhara yanakoingilia. Jumuiya ya msikiti imetaka ukurasa wa nyakati za sala, na kiini kimehifadhi adhuhuri kwa saa ya kizungu, 12:30. Moduli moja, tuiite Majira, huitazama saa na kuiandikia neno lake: iliyo chini ya 12 ni asubuhi, iliyofika 12 au kuipita ni mchana. Moduli ya pili, tuiite Saa, hupunguza saa sita ili watu wasome kwa saa ya Kiswahili waliyoizoea. Ikitangulia Majira, 12:30 huandikiwa mchana, kisha Saa huigeuza ikawa 6:30, na msomaji hupata saa sita unusu mchana, ambayo ndiyo haki yake. Ikitangulia Saa, Majira hukuta 6:30 imekwisha kugeuzwa, huihukumu kuwa ni asubuhi, na mji mzima hutangaziwa adhuhuri ya saa sita unusu asubuhi. Ichunguze Majira mstari kwa mstari, huoni kosa. Ichunguze Saa, huoni kosa. Waite watungaji wao wawili mbele ya kadhi, kila mmoja ataapa kwamba kazi yake ni safi, na wote wawili watakuwa wakweli. Kosa limekaa baina yao, mahali pasipo na kitu chochote cha kunyooshea kidole, na kwa sababu hiyo mafundi hupoteza siku nyingi wakilitafuta ndani ya vitu.

Sasa, ni nini kinachoifanya moja itangulie? Mfumo huipa kila moduli uzito, nao ni tarakimu tu. Nyepesi hutangulia na nzito hutaakhari. Ila uzito wa kuzaliwa nao ni sifuri, na moduli nyingi hubaki na sifuri hiyo umri wao wote kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuibadili. Na zikilingana uzito, mfumo huzipanga kwa herufi za majina yao. Basi Majira hutangulia Saa kwa kuwa M hutangulia S, na ukurasa wetu ni sahihi, na watu huswali kwa amani. Mwenye Saa akiona vema kuibadili jina akaiita Dakika, bila kugusa chochote katika hesabu yake, D itaruka mbele ya M na adhuhuri itakuwa ya asubuhi. Usahihi tuliokuwa tukijivunia ulikuwa bahati iliyovaa kanzu ya mwanazuoni.

Hapa ndipo Imamu Ghazali aingiapo barazani bila ya kualikwa. Katika Tahafuti, kitabu alichokimaliza mwaka 488 wa Hijria (1095) kuwajibu wanafalsafa, alikabiliwa na hoja yao mashuhuri: ikiwa nyakati zote zalingana, na hapana hata mmoja wenye sifa ya kuupendekeza kuliko mwenziwe, ni kipi kilichoufanya ulimwengu uumbwe katika wakati huu na usiumbwe katika ule? Akajibu kwamba irada si kitu kingine ila ni ile sifa ambayo shani yake ni kukipambanua kitu na mfano wake, na asiyeikubali hiyo hajui maana ya irada. Kisha akawaletea mtu aliyewekewa tende mbili zilizolingana kwa kila hali, naye ana shauku nazo na hawezi kuzitwaa zote mbili kwa pamoja, akawauliza kama mtu huyo atakaa akizitazama milele au atanyoosha mkono. Masheikhe wa pwani yetu, ambao katika itikadi wamemfuata Imamu Ash-ari, wamelisomesha jambo hilo kwa karne nyingi: vitu havina tartibu ya asili yao, aliyevipanga ni mwenye irada, na katika Majina Mazuri wametuhesabia Al-Muqaddimu na Al-Muakhiru wakifuatana, mwenye kutanguliza na mwenye kuchelewesha, kabla tu ya Al-Awwalu na Al-Akhiru.

Mashine, maskini, haina irada. Ukiiwekea tende mbili zilizolingana itasimama hapo mpaka umeme ukatike. Kwa hiyo mtengenezaji aliiwekea herufi ziwe kichagulio, na mkono ulionyooka ni wake yeye, ulinyooka siku alipoandika kanuni ile. Lakini yeye hayupo tena machoni pa watu, na watu hukiona kilichotangulia wakadhani kina haki ya kutangulia. Mimi nasema kwamba hii ndiyo dhulma ya kimyakimya iliyo nyingi kuliko zote katika mambo ya watu: uchaguzi uliofanywa na mtu mmoja, zamani, kwa uchovu au kwa kukosa wazo bora, hurithiwa na wanaokuja ukiwa na sura ya maumbile. Tumeyaona hayo katika safu za baraza na katika zamu za visima, na leo tunayaona katika mashine.

Ajabu ni kwamba wanafikihi, ambao watu wa sasa huwadhania kuwa ni watu wa kushika mapokezi bila ya kuyauliza, walilitazama suala la waliolingana kwa uangalifu mkubwa kuliko mafundi wa mashine. Watu wamekusanyika kuswali na hapana imamu aliyepangiwa wala mwenye nyumba: atangulie nani? Mashafii wasema, mjuzi zaidi wa fikihi. Wakilingana, msomaji bora wa Kurani. Wakilingana, mwenye uchaji zaidi. Kisha huja umri katika Uislamu na nasaba. Kisha, wakiwa bado sawasawa, hutazamwa usafi wa nguo na wa mwili, na uzuri wa sauti, na hata wema wa kazi anayoifanya mtu kujipatia riziki. Na wakilingana katika hayo yote na kila mmoja akataka kutangulia, hupigwa kura. Mwenye haraka ataicheka orodha hiyo, hasa hapo panapofikiwa nguo. Mimi naiona kuwa ni adabu ya juu: kila daraja ina sababu inayoweza kutamkwa mbele ya wahusika, na sababu zinapokwisha, waliamua kuikiri bahati waziwazi na kuipigia kura mbele ya macho ya wote. Atakayeshindwa kwa kura atajua kwamba ameshindwa kwa kura, wala hataambiwa kuwa jina lake limeanza na herufi mbaya.

Watengenezaji wa Drupal nao waliuhisi upungufu huo. Toleo la 7, lililotoka mwaka 2011, lilileta kulabu ya aina ya peke yake, ambayo kazi yake ni kuwapanga upya watakaoitwa na kulabu nyingine. Na katika matoleo ya karibuni mtungaji aweza kutamka kwamba kazi yake ije kabla ya fulani, au baada ya fulani, au iwe ya mwisho kabisa. Wakiomba wawili kuwa wa mwisho kabisa, bila shaka mmoja wao hatapata. Na kulabu ile ya kuwapanga wengine, ambayo nayo huitikiwa na moduli nyingi, nayo yahitaji kupangwa; basi itapangwa na nani? Hapa msomaji aliyekaa darasani mbele ya masheikhe atatabasamu, kwa kuwa huu ni ule tasalsuli wa watu wa ilmu-l-kalami, mnyororo wa sababu usio na mwanzo, waliouhukumu kuwa ni batili. Mafundi wa Drupal hawakusoma ilmu-l-kalami, lakini akili iliwapeleka palepale: waliandika ndani ya kiini cha toleo hilo la 7 sharti moja fupi, kwamba kulabu hiyo haiitwi juu ya nafsi yake. Mnyororo ukakatwa hapo kwa amri, na kwa waitwao na kulabu hiyo ikabaki tartibu ya mwanzo, ya uzito na ya herufi, isiyo na mwenye kuipanga upya.

Limebaki suala la wa mwisho. Katika mfumo huu pambo huitwa baada ya moduli zote, na pambo la mtoto huitwa baada ya pambo la mzazi, kwa hiyo hukumu ya mwisho juu ya ionekanavyo sura ni ya aliyekuja mwisho. Awezalo kufuta afuta, na alilolitaka laonekana. Vijana hulifurahia jambo hili, na wapo wanaoamini kwamba ubora wa fundi ni kujua namna ya kujiweka nyuma ya watu wote. Nami siwezi kuwakubalia, wala sidhani mila ya visiwa hivi ingewakubalia.

Tazama takhmisi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nassir wa Pate, yule anayenasibishiwa Al-Inkishafi, alizichukua beti zinazosemwa kuwa ni za Fumo Liyongo, ambaye alimtangulia kwa karne nyingi, akazitia tano. Na namna ya takhmisi ni kwamba mtungaji wa baadaye huleta mishororo mitatu yake, ikifuatwa na miwili ya yule wa kale. Aliyechelewa kuzaliwa ndiye atanguliaye kusema! Lakini haikuwa ubwana, maana mishororo yake mitatu yalazimika kufuata mizani ya mwenziwe na kushika kina cha mshororo wa kwanza wa mwenziwe, nayo yote yamwandalia msikilizaji sikio lake, ili neno la kale likifika lifike likiwa na nguvu kuliko lilipokuwa peke yake. Amejiweka mbele ili awe mtumishi, akamwachia marehemu neno la mwisho katika kila ubeti, kutoka wa kwanza hata tamati. Ningependa kila mwandishi wa moduli aisome takhmisi moja kabla hajaomba kuwa wa mwisho kabisa.

Wala kuwekwa mwisho si sawa na kuwa na nguvu ya mwisho, na hili wanazuoni wa nasikhi na mansukhi wamelibainisha zamani. Aya ya 234 ya Suratul Bakara imemwekea mjane eda ya miezi minne na siku kumi. Aya ya 240 yataja mwaka mzima. Na jamhuri ya wanazuoni wamehukumu kwamba ile ya 234 ndiyo iliyoifuta hukumu ya ile ya 240, ingawa katika msahafu imetangulia kuandikwa. Asomaye kwa kufuata kurasa atadhani ya nyuma imeishinda ya mbele. Kinachohukumu ni wakati wa kuteremka, na kurasa zina tartibu yake nyingine yenye hikima yake nyingine. Hivyo hivyo, fundi anayeifungua moduli akasoma maandishi yake kutoka juu hadi chini hajui bado litakalotangulia kutendwa, mpaka aulize ni nani aliyepanga wito na kwa kichagulio gani.

Amma juu ya pambo lenyewe, mji huu wa Amu una kisa ambacho wazee wangali wakikijadili. Sayyid Swaleh bin Alwy Jamalullail, aliyekuja kutoka Ngazija akiwa kijana, akakaa upande wa Langoni, akasomesha watu ambao mabwana wa mji hawakuwaona kuwa ni wa kusomeshwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wa Riyadha ukasimama, aliingiza katika mji usomaji wa Maulidi ya Habib Ali Al-Habshi wa Sewun, kwa matari na kwa kuyumba safu. Wapo waliochukizwa, hasa kwa ajili ya matari kuingia msikitini. Lakini alichokibadili ni pambo, na pambo lilikuja baada ya kiini bila ya kukigusa: sira ni ileile, kisimamo hakiwezi kuletwa kabla ya kutajwa kuzaliwa kwa Mtume, na dua haiwezi kuletwa kabla ya Maulidi kwisha kusomwa. Aliyekuja mwisho mjini, tena mgeni, aliipa ibada ya mji sura inayojulikana nayo leo mpaka nje ya Afrika ya Mashariki, na wanaosoma Maulidi ya Barzanji wangali wakiyasoma.

Kwa hiyo mimi nashika kauli ya masheikhe: tartibu haimo katika vitu. Irada ya Mola haina wa kuihoji. Irada ya mja ina siku yake ya hisabu, na mja hatapata kinga kwa kusema kwamba ni mashine iliyopanga. Ewe kijana uliyekabidhiwa ukurasa wa msikiti, au wa madrasa, au wa kaunti yetu, usiiachie herufi kazi hii. Uamue nani atangulie na nani ataakhari. Kisha uamuzi huo uandike kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na sababu yake, ndani ya faili ileile atakayoifungua mwenzako siku ambayo wewe hutakuwapo, na zikikuishia sababu andika kwamba hapa nilipiga kura.